Charles Drew, daktari wa akiba ya damu

Wiki hii naomba niwasimulie maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, katika nchi iliyo mbali sana na bahari yetu, lakini kazi yake inaingia katika mishipa ya watu wetu kila siku. Jina lake ni Charles Richard Drew, daktari mpasuaji, Mmarekani mweusi. Majeruhi akifikishwa hospitalini usiku wa manane na kukuta mfuko wa damu ukimngoja kwenye friji, ajue kwamba Drew ni mmoja wa watu waliofanya jambo hilo liwezekane.

Nawaandikia kutoka Chechelesi, Isiolo. Mimi ni mzaliwa wa Pwani, na kazi ndiyo iliyonileta huku bara. Jamaa zangu wa nyumbani huniuliza Isiolo kuna nini cha kuwahusu wao. Jibu langu huwa ni moja: barabara. Malori yanayopakia mizigo Mombasa kwenda Marsabit, Moyale na hata kuvuka mpaka kuingia Ethiopia, hupita Isiolo. Madereva na matanboi wengi ni vijana wetu. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni takriban kilomita 500 za lami, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni nyika tupu. Lori likipinduka huko, kijana wa Kisauni au Mariakani hana mjomba wala binamu karibu. Atakayemwokoa ni Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana au Msamburu aliyetoa damu yake siku nyingi kabla, bila kujua itamwendea nani. Ndiyo sababu nimeona nimlete Drew barazani petu leo.

Drew alizaliwa tarehe 3 Juni 1904 mjini Washington, D.C., mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto watano. Baba yake alikuwa fundi wa kutandika mazulia, na mama yake alikuwa amesomea ualimu. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa. Wakati huo mtu mweusi Marekani alitengwa shuleni, hotelini, kwenye mabasi na hata hospitalini. Kijana Drew hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa sana kwa masomo. Sifa zake zilikuwa uwanjani. Aliogelea, alikimbia, alicheza mpira wa Kimarekani, na ni michezo iliyompa ufadhili wa kwenda Chuo cha Amherst, Massachusetts, alikomaliza mwaka wa 1926.

Mambo mawili yalimwelekeza kwenye udaktari. Mwaka wa 1920 dada yake Elsie alifariki akiwa na kifua kikuu kilichozidishwa na homa ya mafua. Kisha yeye mwenyewe aliumia mchezoni akalazwa hospitalini, akapata nafasi ya kuwatazama madaktari kazini. Lakini shule ya udaktari ilitaka pesa, naye hakuwa nazo. Akafundisha biolojia na kemia katika Chuo cha Morgan, Baltimore, kwa miaka miwili, huku akisimamia michezo na kudunduliza karo.

Vyuo vya udaktari vya Marekani vilivyowapokea weusi vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Drew akavuka mpaka hadi Kanada, akaingia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka wa 1928. Yule kijana wa viwanjani sasa alifungua macho: alipohitimu mwaka wa 1933 alikuwa wa pili katika darasa la wanafunzi 137. Huko ndiko alikokutana na mwalimu Mwingereza, John Beattie, aliyemtia hamu ya kuchunguza jambo moja: kwa nini mtu aliyepoteza damu nyingi huporomoka ghafla, na damu ya mtu mwingine inaweza kumrudisha vipi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kuna watu husema Drew ndiye aliyegundua kila kitu kuhusu damu. Si kweli, na yeye hahitaji sifa za kuazima. Makundi ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner wa Vienna mwanzoni mwa karne ya 20, na ndiyo maana siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 Juni, ni Siku ya Wachangiaji Damu Duniani. Mnamo miaka ya 1914 na 1915 ilijulikana kwamba dawa iitwayo sitrati huzuia damu isigande kwenye chupa. Mwaka wa 1937 daktari Bernard Fantus alifungua benki ya damu katika hospitali moja ya Chicago, na jina hilo la benki ya damu likaenea kutoka hapo. Alichokikuta Drew ni ujuzi uliotawanyika, na damu iliyoharibika baada ya siku chache.

Wahenga walituambia akiba haiozi. Kwa damu, msemo huo haushiki. Akiba ya damu huoza, na haraka. Hilo ndilo fumbo ambalo Drew alikabiliana nalo alipopata ufadhili wa Rockefeller mwaka wa 1938 na kwenda New York, katika Chuo Kikuu cha Columbia na Hospitali ya Presbyterian. Akishirikiana na Dkt. John Scudder, alipima siku baada ya siku kinachotokea ndani ya chupa: chembe nyekundu zinavyochoka na kupasuka, potasiamu inavyovuja kutoka ndani yake, baridi inavyosaidia, namna ya kusafirisha chupa bila kuitikisatikisa. Mwaka wa 1939 wakafungua benki ya damu ya majaribio hapo hospitalini. Mwaka huohuo Drew akamwoa Lenore Robbins, na baadaye wakajaliwa watoto wanne. Mwaka wa 1940 alimaliza tasnifu yake juu ya kuhifadhi damu, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo ya juu ya sayansi ya tiba kutoka Columbia.

Kazi hiyo ilikuja wakati wake. Mwaka wa 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zikiimwagia Uingereza mabomu, na majeruhi walikuwa wengi kuliko damu iliyokuwepo. Damu nzima haikuweza kuvuka bahari ya Atlantiki ikiwa salama. Lakini plazma, yale maji ya manjano yanayobaki chembe zikitengwa, ilidumu zaidi, na iliweza kupewa mtu wa kundi lolote ikichanganywa kutoka kwa wachangiaji wengi. Drew akateuliwa kuwa mkurugenzi wa tiba wa mpango wa kupeleka damu Uingereza. Hospitali za New York zilikuwa zikifanya kila moja kivyake, nyingine plazma ikiingia vijidudu. Drew akaweka utaratibu mmoja: kila hospitali ikusanye kwa njia ileile, kila chupa ipimwe, na mafundi maalumu tu ndio washughulikie plazma. Kufikia Januari 1941 mpango huo ulikuwa umepokea michango zaidi ya 14,000 na kupeleka zaidi ya lita 5,000 za plazma.

Baada ya hapo Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani likamtaka aongoze mradi wa majaribio wa plazma iliyokaushwa kwa ajili ya jeshi. Katika kazi hiyo alitumia magari yenye majokofu yaliyowafuata wachangiaji walipo. Ukiona leo hema na vitanda vya kutolea damu kwenye uwanja wa shule au nje ya msikiti, hilo ni tawi la mti uleule.

Na hapa ndipo tunapofika penye uchungu wa hadithi. Jeshi la Marekani lilisema halitaki damu ya watu weusi. Baadaye, mwaka wa 1942, ikakubaliwa, lakini kwa sharti kwamba ihifadhiwe kando na damu ya weupe, chupa ziwekwe alama. Fikiria, msomaji wangu: mtu aliyeipanga kazi yote ile, damu yake mwenyewe isingeruhusiwa kumwingia askari mweupe. Drew alisema waziwazi kwamba sayansi haina ushahidi wowote wa tofauti ya damu kwa rangi ya ngozi. Damu hutofautiana kwa makundi, A, B, AB na O, na kwa alama ya Rh, na makundi hayo yamo katika kila taifa na kila kabila. Msalaba Mwekundu uliacha kutenga damu kwa rangi mwaka wa 1950, mwaka aliofariki.

Mwaka wa 1941 Drew alirudi Washington, Chuo Kikuu cha Howard, akawa mkuu wa idara ya upasuaji na daktari mpasuaji mkuu wa Hospitali ya Freedmen's. Watu wengi humkumbuka kwa damu tu, lakini nadhani mwenyewe alijihesabu zaidi kuwa mwalimu. Kati ya mwaka wa 1941 na 1950, zaidi ya nusu ya wapasuaji weusi waliothibitishwa na bodi ya upasuaji ya Marekani walipita mikononi mwake. Mwaka wa 1944 alitunukiwa Medali ya Spingarn. Pamoja na yote hayo, chama cha madaktari cha nchi yake hakikumfungulia mlango, kwa rangi yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 1950, Drew na madaktari wenzake watatu walisafiri kwa gari kwenda Tuskegee, Alabama, kwenye kliniki ya bure iliyofanyika kila mwaka. Siku nzima ya nyuma alikuwa kazini, na hakupata usingizi wa kutosha. Asubuhi, wakiwa North Carolina, yeye akiwa kwenye usukani, usingizi ulimwiba. Gari likatoka barabarani na kupinduka. Wenzake walinusurika. Yeye alikimbizwa hospitali ya karibu mjini Burlington akiwa na majeraha mabaya ya kifua, na muda mfupi baadaye akakata roho. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Kukazuka uvumi ambao bado unaishi mpaka leo: eti Drew alikufa kwa sababu hospitali ya weupe ilikataa kumpa damu. Madaktari waliokuwa naye garini walikana. Alipokewa, na madaktari weupe walimhangaikia kwa kila walichokuwa nacho, ila majeraha yalizidi uwezo wao. Uvumi ule ulishika kwa sababu watu weusi wengi kweli walikuwa wakifukuzwa milangoni mwa hospitali siku hizo, kwa hiyo hadithi ilifanana na ukweli wanaoujua. Lakini tunamheshimu zaidi marehemu tukisimulia kama ilivyokuwa. Damu huokoa wengi, haiokoi wote. Na dereva aliyechoka, awe profesa au awe wa lori la saruji, usingizi haumwulizi cheo.

Sasa tuangalie kile Drew alichokihangaikia, kinavyofanya kazi katika mwili wa majeruhi wa leo. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Akipoteza nusu lita, kama anayechangia, mwili hustahimili. Akipoteza lita moja na nusu, moyo hukimbia, ngozi huwa baridi, akili huanza kupotea. Akipita lita 2, yuko ukingoni. Na kiasi hicho ni rahisi kufikiwa: mfupa wa paja peke yake ukivunjika, jambo la kawaida kwa ajali za boda boda, unaweza kumwaga lita moja au zaidi ndani ya mguu bila tone kuonekana nje.

Wengi wetu hudhani maji ya dripu yanatosha. Dripu hujaza mishipa kwa muda, lakini maji hayabebi oksijeni, na yakizidi huizimua damu iliyobaki isiweze kuganda. Majeruhi aliyevuja damu hupoa mwili, damu yake hugeuka kuwa na asidi, na uwezo wa kuganda hupotea. Mambo hayo matatu huchocheana mpaka mtu anamalizika. Ndiyo maana madaktari hutaka kumpa mapema chembe nyekundu za kubeba oksijeni, plazma ya kusaidia damu kugande, na chembe sahani za kuziba tundu. Damu humnunulia mpasuaji muda wa kufika penye mshipa uliokatika. Asiyekuwa na damu kwenye friji, hata awe bingwa, mikono yake imefungwa.

Wala kazi ya damu haiishii siku ya kwanza. Mwenye mfupa uliosagika hurudishwa thieta mara mbili, tatu, nne. Mwenye kidonda kikubwa huoshwa na kupandikizwa ngozi. Kila safari damu kidogo inapotea, na mwili uliopungukiwa damu ni dhaifu hata kwa kuinuka kitandani kufanya mazoezi. Mfuko mmoja au miwili wakati huo ndio unaomfanya kijana atoke na magongo badala ya kubaki kitandani.

Kenya ilijifunza haya kwa machungu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani Nairobi, likaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Wananchi walimiminika kutoa damu, lakini mfumo wa kitaifa wa kuikusanya, kuipima na kuisambaza ulikuwa dhaifu. Huduma ya kitaifa ya damu ikaanzishwa mwaka wa 2000, ikawa na vituo vya kanda, Mombasa kikiwa kimojawapo. Foleni zile za wachangiaji zilionekana tena baada ya Westgate mwaka wa 2013 na baada ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015. Nasi tulijivunia, na ilikuwa haki yetu.

Ila mimi nina neno na foleni hizo. Damu unayoitoa leo haimfikii aliyejeruhiwa leo asubuhi. Lazima kwanza ipimwe virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Anayeokolewa saa ileile ameokolewa na mtu aliyechangia wiki iliyopita, siku ambayo hapakuwa na mlipuko wala kamera. Na chembe nyekundu hukaa siku 35 hadi 42 tu, kutegemea dawa iliyomo kwenye mfuko. Chembe sahani hukaa kama siku 5. Umati wa siku moja baada ya msiba ukishatawanyika, baada ya mwezi na kidogo friji ni tupu tena. Kwa miaka mingi tumewategemea wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba hushuka, na likizo ndiyo majira ya safari na ajali. Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na majeruhi ni wengi mara nyingi zaidi.

Friji ikiwa tupu, mzigo huangukia jamaa. Huambiwa watafute watu wa kuchangia, usiku huo huo. Mwenye ukoo mkubwa mjini atahangaika na kupata. Mgeni je? Yule kijana wetu wa lori aliyelazwa kilomita mia kadhaa kutoka kwao, nani atamletea watu? Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa barabarani ni kinyume: mwenyeji asipotoa, mgeni haponi.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 1 ya wananchi wakichangia, mahitaji ya msingi ya nchi hutimia. Kaunti ya Isiolo ilihesabiwa watu 268,002 mwaka wa 2019. Asilimia 1 ni watu wasiofika 2,700. Hapa Isiolo makabila yamewahi kugombania maji na malisho hadi kufikia risasi, na waliopigwa risasi wa pande zote hulazwa wodi moja. Mfuko unaoning'inia juu ya kitanda umeandikwa kundi la damu na tarehe; haukuandikwa kabila. Marekani iliyoendelea iliwachukua miaka kulikubali hilo. Sisi tusijicheleweshe.

Kwetu Pwani mambo si tofauti. Anayeumia Mtwapa, Mariakani au Kwale anahitaji mfuko uleule. Ukiwa na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, unaweza kuchangia. Watakupima wingi wa damu na presha, watatoa kama mililita 450, na kazi ya sindano haizidi dakika 15. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu ndani ya wiki kadhaa. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Hutaongezeka uzito, hutapungukiwa nguvu za kiume, wala hutazoea mpaka ushindwe kuishi bila kutoa. Maneno hayo ya vijiweni nimeyasikia Isiolo kama nilivyoyasikia Mombasa.

Ombi langu ni dogo. Usingoje simu ya usiku kwamba fulani yuko hospitali, anatafutiwa damu ya kundi la O. Chagua siku moja katika kila miezi 3 au 4, siku ya kawaida tu, nenda kituo cha damu kilicho karibu nawe. Vyama vya madereva na vikundi vya boda boda vinaweza kupangiana zamu kama vinavyopangiana michango ya mazishi. Tunachanga kwa moyo mkunjufu mtu akishafariki. Tuchange na kabla, huenda mazishi mengine tusiyafikie.